Mbwa Huyu Tumwitaye Koko

Apitaye alfajiri katika vijiji vya Homa Bay na Migori, iwe ni Ndhiwa, Rangwe, Uriri au Awendo, hakosi kumkuta mbwa amejikunja juu ya jivu la jana. Manyoya yake ni mafupi, rangi yake ni ya udongo, na mbavu zake zahesabika. Ukimwita haji mbio akitikisa mkia. Hufumbua jicho moja, akakupima, kisha akaamua mwenyewe kama unastahili kusogelewa. Waluo humwita guok. Waswahili tumemwita koko, na kwa jina hilo tukawa tumemfukuza kabla hajatukosea.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza swali ambalo wenzake walilicheka: je, mbwa wa kwetu ni mbwa hasa, au ni paka aliyevaa ngozi ya mbwa? Mimi sikucheka. Mtoto yule alikuwa ameona jambo ambalo watu wazima twalipita kila siku bila ya kuliona.

Hebu tumtazame kwa makini. Mbwa huyu hajifunzi vituko vya kumfurahisha bwana wake. Hali yake ya kula ni ya kujitafutia: panya katika shamba la miwa, panzi wakati wa mvua, matumbo ya samaki kwenye fuo za Mbita. Hulala peke yake, mahali alipopachagua yeye. Ukimkemea bila sababu hakulilii miguuni, bali huondoka akakaa mbali hadi hasira yako ishe. Hizo zote ni tabia tulizozoea kuzisikia zikitajwa kwa paka.

Lakini jua likishatua, paka yule hutoweka. Mgeni akikaribia ua wa boma, sauti ya kwanza ni yake. Mtoto akienda malishoni na ng'ombe, yeye yu mbele njiani. Akienda shule, humsindikiza hadi langoni, kisha hurudi nyumbani bila ya kuambiwa. Aujua mlio wa baiskeli ya mwenye nyumba na kuutofautisha na baiskeli nyingine zote za kijiji. Uaminifu huo haukununuliwa kwa nyama, kwani nyama yenyewe haionji ila siku ya matanga au ya harusi.

Tabia hizi mbili zimekutanaje katika mnyama mmoja? Wataalamu wengi wanaona kwamba paka alikuja kwa binadamu kwa hiari yake, miaka ipatayo elfu kumi iliyopita, akifuata panya waliofuata nafaka ghalani. Mbwa ametangulia kwa maelfu ya miaka, naye, kwa maoni ya baadhi yao, alianza kwa kuyazunguka makazi ya watu akiokota masazo. Mbwa wa Ulaya alifungiwa baadaye, akachaguliwa kizazi baada ya kizazi ili awe mtiifu kwa kazi moja au nyingine. Mbwa wa kijiji hakufungiwa. Aliyeishi akazaa ni yule aliyejua kujilisha, kujihadhari na kufikiri peke yake. Basi upaka wake si kasoro, ni elimu aliyoipata katika shule ya njaa.

Ushahidi uko kwa jirani zetu wa Kongo. Katika misitu ya huko, pamoja na ule wa Ituri wanamowinda Wambuti, kuna mbwa mdogo asiyebweka kama mbwa wengine. Hutoa sauti ya kupanda na kushuka, kama mtu anayeimba bila maneno. Wawindaji humfunga njuga shingoni ili wajue alipo. Hujilamba mwili mzima kama paka, na jike wake kwa kawaida hupata joto mara moja tu kwa mwaka, ilhali mbwa wengi hupata mara mbili. Waingereza walijaribu kumchukua mwaka 1895, lakini mbwa wale wakafa kwa maradhi. Mwaka 1937 Bi. Olivia Burn alifaulu kuwaonyesha mjini London katika maonyesho ya Crufts, na watu wakasongamana kuwatazama. Leo mbwa huyo ana hati ya nasaba, huuzwa kwa fedha nyingi, na wafugaji wake Ulaya na Marekani hujivuna kwamba ana akili ya mbwa na hadhi ya paka.

Jina walilompa ni Basenji. Ni neno la lugha za Kongo, nalo ni ndugu wa neno letu "washenzi". Tafakari hayo, msomaji! Mbwa wa washenzi alipovuka bahari akawa bwana mkubwa, na tabia ile ile ya kujitegemea iliyosifiwa ng'ambo ikabaki tusi huku kwetu. Wala si kwamba mbwa wetu hana asili. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2009, uliowahusu mbwa wa vijijini wa Misri, Namibia na Uganda, jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, ulionyesha kwamba wengi wao si machotara wa mbwa wa Kizungu. Ni ukoo wa Kiafrika, na Basenji ana udugu nao.

Hata hivyo, sikuishika kalamu ili nimsifu mbwa tu. Kujitegemea kwake kumetupa sisi kisingizio kibaya.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja kati ya Rongo na Homa Bay, mtoto wa darasa la tatu aliumwa mguuni na mbwa akitoka kuchota maji. Wazee waliuliza: mbwa ni wa nani? Boma la kwanza likasema hupita tu. La pili likasema huja kula kisha huondoka. La tatu likasema halimjui. Lakini kila mtu alifahamu kwamba mbwa yule aliyalinda maboma yote matatu. Usiku alikuwa mbwa wa watu watatu, na asubuhi ile hakuwa wa mtu. Hakuna aliyejua kama amewahi kuchanjwa. Baba wa mtoto aliuza mbuzi, akahangaika siku nne kutafuta sindano. Mtoto alipona. Si wote wanaopona.

Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaonekana, karibu hakimwachi mtu hai. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na kwamba asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho ni watoto wa chini ya miaka 15. Kenya iliweka mpango mwaka 2014 wa kuutokomeza ugonjwa huu unaoletwa na mbwa ifikapo mwaka 2030. Nguzo yake ni chanjo: mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Sasa nani atampeleka penye chanjo mbwa ambaye hana mwenyewe?

Hapo ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi. Mwalimu anaweza kuuliza darasani ni boma gani lina mbwa, jina lake ni nani, na amechanjwa lini. Mtoto aliyempa mbwa jina hatamkana mbele ya wazee. Na kila mtoto ajue kwa moyo: akiumwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mkwaruzo ni mdogo.

Wahenga walinena, umleavyo ndivyo akuavyo. Tumemlea mbwa wetu kwa kumwacha, naye akakua akijua kujiacha. La ajabu ni kwamba hakutuacha sisi. Kujitegemea si sawa na kutokuwa na mwenyewe, kama vile mwanafunzi anayejisomea mwenyewe bado ahitaji mwalimu. Basi leo jioni, mbwa yule akirudi kulala juu ya jivu lako, mpe maji, mpe jina, na siku ya chanjo mshike kamba umpeleke. Akikutazama kwa jicho moja kama paka, usimlaumu. Anakupima tu, aone kama safari hii utasema kwamba ni wako.