Kufundisha Jinsi Bakteria Anavyoziongoza Jeni Zake

Mwanafunzi akiuliza, "Bakteria hana kichwa, amejuaje kwamba kuna maziwa?" mwalimu asimjibu kwamba bakteria hufikiri. Jibu hilo humwachia mtoto dhana potofu ambayo ni vigumu kuing'oa baadaye. Hatuna budi kwanza tuielewe kazi hii sisi wenyewe.

Bakteria aitwaye Escherichia coli huishi katika utumbo wa binadamu na wa ng'ombe. Anazo jeni tatu zilizofuatana, zinazoshughulikia laktosi, yaani sukari ya maziwa. Mbele ya jeni hizo DNA ina sehemu fupi mbili. Ya kwanza ni kianzio, ambapo kimeng'enya cha kunakili jeni hujishika. Ya pili ni kizingiti, ambapo hukaa protini zuizi. Ikikaa hapo, unakili huzuiwa. Laktosi ikiingia, sehemu yake hugeuzwa kidogo, nayo huishika protini zuizi na kuibadili umbo. Protini hiyo hubanduka, na jeni hunakiliwa. Laktosi ikiisha, protini hurudi kizingitini. Hata hivyo, ikiwapo glukosi tele, unakili hubaki mdogo. François Jacob na Jacques Monod wa Ufaransa walieleza mfumo huu mwaka 1961. Mwaka 1965 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Lwoff.

Katika shule ya kijijini, kama zile za Ulemo wilayani Iramba, somo hili halihitaji maabara. Tuchore kwa chaki sakafuni mstari mrefu wenye kianzio, duara la kizingiti na visanduku vitatu vya jeni. Mtoto mmoja, ambaye ni kimeng'enya, asimame kwenye kianzio. Wa pili, ambaye ni protini zuizi, akae ndani ya duara: njia imefungwa. Akikabidhiwa kikombe, kiwe mfano wa laktosi, aondoke. Mwenzake apite akinakili visanduku.

Kisha tulifute duara na kuuliza: protini zuizi itakaa wapi? Watoto wataona kwamba haina pa kushika, na jeni zitanakiliwa hata pasipo laktosi, nguvu zikipotea bure. Hapo ndipo umuhimu wa mpangilio wa DNA hudhihirika.

Mwisho, tuwakumbushe kwamba huo ni mchezo. Ndani ya bakteria hakuna anayeamua. Kuna maumbo yanayoshikana na kuachana.