Siri Iliyomo Katika Jani la Muhindi

Msafiri atokaye Lilongwe kuelekea kaskazini, akaingia wilaya ya Dowa mpaka Dzaleka, mwendo wa kilomita 40 hivi, hupita katika nchi ya mahindi. Mvua zikiisha kushika, mashamba hutanda pande zote mbili za barabara. Hata Dzaleka kwenyewe, mahali palipokuwa gereza na ambapo tangu mwaka 1994 pamekuwa makazi ya wakimbizi, watu hupanda mahindi popote penye udongo: nyuma ya nyumba, ukingoni mwa njia, kando ya mfereji. Wakazi hao, ambao sasa wamepita 50,000, wengi wao wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kimekuwa moja ya lugha zinazowakutanisha. Makwao wengine walizoea muhogo, ndizi, wali na maharage. Huku wameikuta nchi ambayo wenyeji wake husema kwamba mahindi ndiyo uhai.

Kwa nini iwe mahindi? Historia ina jibu lake, na soko lina jibu lake. Lakini lipo jibu la tatu, nalo limo ndani ya jani lenyewe, katika vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, viitwavyo vimeng'enya.

KIMENG'ENYA NI NINI?

Kimeng'enya ni protini iharakishayo mabadiliko ya kikemia ndani ya kiumbe hai, na kazi ikiisha yenyewe hubaki kama ilivyokuwa. Mtu akitafuna ugali kwa muda mrefu huonja utamu. Huo ni kimeng'enya cha mate kikigeuza wanga kuwa sukari. Uji upikwao kwa ajili ya togwa, ambayo Malawi huitwa thobwa, hupata utamu wake kwa vimeng'enya vya kimea cha nafaka iliyooteshwa.

Katika jani vimo vimeng'enya vingi, lakini kimoja ndicho kitegemewacho na karibu dunia nzima. Jina lake ni rubisko. Kazi yake ni kuikamata hewa ya kaboni dioksaidi iingiayo kupitia vitundu vya jani, na kuiunganisha na sukari iliyomo ndani. Kutokana na kazi hiyo hupatikana wanga, mbao, mafuta ya alizeti na karibu kila kitu tulacho. Mmarekani Melvin Calvin, aliyeongoza uchunguzi wa njia hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961.

MFANYAKAZI ANAYEKOSEA

Pamoja na sifa zake zote, rubisko ina kasoro mbili. Kwanza, ni nzito. Wakati vimeng'enya vingine hufanya kazi mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, rubisko hukamata molekuli chache tu za kaboni dioksaidi. Kwa hiyo mmea hulazimika kuiunda kwa wingi, na hutumia naitrojeni nyingi kwa kazi hiyo.

Pili, rubisko huweza kukosea. Badala ya kukamata kaboni dioksaidi hukamata oksijeni, na mmea ukalazimika kutumia nguvu kulisahihisha kosa hilo, huku ukipoteza sehemu ya kaboni ambayo ulikuwa umekwisha kuipata. Joto likizidi, makosa nayo huzidi. Katika mpunga, ngano, maharage na muhogo, hasara hiyo huweza kufika robo ya kazi yote siku ya joto. Mmea ni kama mkulima anayevuna magunia manne, na moja likamvujia njiani.

MLINZI WA MLANGONI

Muhindi umelikwepa tatizo hili kwa njia ya ajabu. Jani lake lina aina mbili za seli zigawanazo kazi. Katika seli za nje kimo kimeng'enya kingine, kiitwacho PEP-kaboksilesi, ambacho hakikamati oksijeni hata kidogo. Hicho ndicho kipokeacho kaboni mlangoni, kikaifungasha katika asidi yenye kaboni nne. Asidi hiyo husafirishwa mpaka seli za ndani, zilizoizunguka mishipa ya jani kama shada. Humo kimeng'enya kingine huifungua, kaboni dioksaidi ikatoka, ikajaa karibu mara kumi kuliko ilivyo katika jani la kawaida. Na humo ndimo rubisko ilimowekwa. Ikizungukwa hivyo na kaboni, haipati nafasi ya kukosea.

Watu wanne wanastahili kutajwa hapa. Yuri Karpilov wa Urusi ya Kisovieti alipata dalili za jambo hili katika mahindi mwaka 1960. Hugo Kortschak na wenzake waliona jambo hilo hilo katika miwa ya Hawaii, wakatangaza matokeo yao mwaka 1965. Mwaka uliofuata Hal Hatch na Roger Slack, katika maabara ya kampuni ya sukari mjini Brisbane, Australia, walianza kuieleza njia yote hatua kwa hatua.

Tusidhani kwamba siri hii ni ya muhindi peke yake. Mtama unayo, ulezi unao, uwele unao, na muwa vilevile. Hata nyasi nyingi ndefu zinazoezekea nyumba katika nyanda za Malawi zina mpango huo huo. Aina za mimea zenye njia hii ni karibu tatu katika kila mia duniani, lakini hufanya karibu robo ya kazi yote ya kukamata kaboni nchi kavu.

FAIDA NA MIPAKA YAKE

Faida ya mkulima ni dhahiri. Kwa kuwa PEP-kaboksilesi ni hodari wa kukamata, jani halina haja ya kufungua sana vitundu vyake, na kila kitundu kinapofunguka maji hupotea. Kwa hiyo muhindi hutumia karibu nusu ya maji yatumiwayo na mpunga ili kupata kiasi kile kile cha kaboni. Hali kadhalika, jua la utosi linapokuwa limeyashinda majani ya maharage, jani la muhindi bado huendelea kuongeza kazi.

Lakini njia hii ina gharama. Kuisafirisha kaboni kutoka seli hata seli hula nguvu, na nguvu hiyo hutoka katika jua. Penye baridi na mawingu faida hupungua. Ndiyo maana ngano hustawi vizuri katika nchi za baridi. Wala kimeng'enya hakiumbi maji. Mvua ikikatika wakati muhindi unapotoa mbelewele na ndevu, punje hazishiki, hata jani liwe hodari namna gani. Mwaka 2024 Malawi ililiona jambo hilo kwa uchungu. Ukame ulioletwa na El Niño uliharibu sehemu kubwa ya mahindi, na mwezi wa Machi Rais Lazarus Chakwera alitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28.

Wako wasemao kwamba kuongezeka kwa kaboni dioksaidi angani kutailisha mimea. Mwaka 1958, vipimo vya mlima Mauna Loa huko Hawaii vilipoanza, kulikuwa na sehemu 315 hivi katika kila milioni ya hewa. Mwaka 2024 zilipita 420. Ni kweli kwamba mpunga na maharage hupata nafuu kiasi. Lakini muhindi, ambao rubisko yake imekwisha kushibishwa na mlinzi wake, haupati nafuu kubwa. Unachopata ni joto na ukame ufuatanao na hewa hiyo. Basi nchi ile inayokula mahindi kuliko chakula kingine ndiyo itakayofaidika kidogo na kuumia sana.

TUJIFUNZE NINI?

Kwa mkazi wa Dzaleka jambo hili si la kitabuni tu. Kanuni za nchi humtaka mkimbizi akae makazini, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi mijini, Lilongwe ikiwemo, warudi huko. Mgao wa chakula umepunguzwa zaidi ya mara moja kwa uhaba wa fedha. Anayebaki na kipande cha hatua kumi kwa kumi hana budi kujua nini cha kupanda juu yake.

Jani limekwisha kutushauri. Penye jua kali na mvua haba, mtama na ulezi vina vimeng'enya vile vile vya muhindi, tena huvumilia ukame kuliko muhindi. Maharage na kunde, ambazo rubisko yao hukosea, zina zawadi yao: vijidudu vya mizizi yao hutwaa naitrojeni ya hewa, nayo ndiyo itumiwayo kuunda vimeng'enya vya mmea. Ndiyo maana mama apandaye kunde katikati ya mahindi yake hakukosea. Aliijua kazi hii kwa mikono kabla maabara hazijaieleza.

Tuendelee kuyapenda mahindi, lakini tusiyaachie peke yao mzigo wa kutulisha.