Programu ya Video Huchaguliwa kwa Sikio

Aghalabu watu wanaotafuta programu ya kuhariri video huuliza kwanza habari za picha: rangi zitang'aa kadiri gani, maandishi yatapita kwa madaha gani, na kipande kimoja kitaungwa na kingine kwa pambo lipi; habari za sauti huja mwisho, pengine baada ya fedha kwisha kulipwa. Walakini mtazamaji ni mwepesi wa kusamehe picha yenye kiza kidogo, na ni mzito mno wa kusamehe khutba ya ndoa iliyomezwa na mvumo wa jenereta, au maneno ya taarab yaliyozamishwa na kinanda hata mtunzi mwenyewe asiyatambue.

Programu hizi zina nasaba, na nasaba hiyo hudhihirika mara mtu anapoanza kushughulika na sauti. Zipo zilizozaliwa kwa ajili ya picha, sauti ikaongezwa baadaye kwa shingo upande. Na ipo Vegas, ambayo kampuni ya Sonic Foundry ya Marekani iliitoa mwaka 1999 ikiwa chombo cha sauti tupu, video ikatiwa mwaka uliofuata. Tangu hapo imepita mikononi mwa Sony mwaka 2003 na Magix mwaka 2016, lakini tabia ya utotoni haikuiacha: mwenye kuitumia hukata, huvuta na kufifisha sauti kwa wepesi ambao wengine huutafuta kwa taabu. DaVinci Resolve ilishika njia nyingine. Asili yake ni mitambo ya kusahihisha rangi za filamu. Kampuni ya Blackmagic Design ya Australia iliinunua mwaka 2009, na mwaka 2016 ikainunua pia Fairlight, iliyoasisiwa Sydney mwaka 1975 na kupata sifa kwa ala ya kidijitali iliyoweza kunasa sauti yoyote na kuipiga kwa vibao vya piano. Mwaka 2017 ufundi huo wa sauti ulitiwa ndani ya Resolve, na kwa rai yangu hakuna programu nyingine ya video inayompa mtu asiye na fedha miksa kamili namna hiyo, maadamu toleo lake la bure lina sehemu kubwa ya zana zake. Toleo la kulipia huuzwa kwa dola 295 mara moja tu, ilhali Premiere Pro ya Adobe, pamoja na mwenzake wa sauti aitwaye Audition, hukodishwa kwa malipo ya kila mwezi, na ijara ikikoma kazi nayo husimama.

Mnunuzi achunguze nini basi? Kwanza, achunguze kama programu hukata sauti kwa kipimo cha sauti au kwa kipimo cha picha. Televisheni ya nchi zetu ilizoea fremu 25 kwa sekunde, yaani fremu moja hukaa milisekunde 40. Sauti ya video nayo hurekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, hivyo ndani ya fremu moja mna sampuli 1,920. Mlio wa mate mdomoni au mpasuko wa herufi p huweza kuanza na kwisha ndani ya fremu hiyo moja, na programu isiyoweza kuingia humo hulazimisha mhariri ama kuacha kasoro ama kukata neno zima.

Pili, na hili ndilo lenye uzito zaidi, atazame kama traki nyingi huweza kukusanywa katika mikondo: wasemaji wote mkondo mmoja, muziki mwingine, mazingira mwingine, kila mmoja na kishikio chake cha kupandisha na kushusha. Asiye na mikondo hiyo hulazimika kugusa vipande arobaini kila bibi harusi anapodai muziki upunguzwe. Vilevile ikwalaiza iweze kukata mvumo wa chini ya hezi 80, usio na faida kwa sauti ya mtu; kompresa imkaribishe msemaji anayenong'ona na kumtuliza anayefoka; na mapandisho ya sauti yaweze kuandikwa juu ya wakati, ili muziki ujishushe msemaji anapoanza na kurudi anapokwisha.

Tatu ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Mshale wa kawaida wa desibeli huonyesha vilele tu, nao hudanganya, kwa kuwa nyimbo mbili zenye kilele sawa huweza kutofautiana sana sikioni. Ndiyo maana watangazaji wa Ulaya waliafikiana mwaka 2010 juu ya kipimo cha LUFS, wakaweka kiwango cha -23. YouTube nayo huteremsha kazi zinazozidi takriban -14. Programu isiyo na kipimo hiki humwacha mhariri akibahatisha.

Mwenye kompyuta dhaifu asijitese kwa Resolve, ambayo hutaka kadi ya picha yenye nguvu. Ni afadhali aunganishe picha kwa Kdenlive au Shotcut, zote za bure, kisha aipeleke kazi REAPER, programu ya sauti inayokubali video na kutoa siku 60 za majaribio, ambayo leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60. CapCut ya simuni hufaa vipande vifupi. Kwa kuchanganya sauti haina mengi.

Kabla ya kulipa, mtu achukue dakika tatu za kazi yake iliyo mbaya kuliko zote, zenye upepo, muziki na umati, aitengeneze ndani ya programu anayotaka kununua mpaka mwisho, kisha aisikilize kwa hedifoni na baadaye kwa spika ya simu ya bei nafuu. Maneno yakipotea katika simu, ashushe muziki kwanza kabla ya kumpandisha msemaji.