Mtoi Akiumizwa kwa Ploti, Nani Akae Kikao?

Mtoi wa jirani ako na alama za mshipi, na wazee wa ploti wanataka kumalizana kimyakimya na buda yake. Hapana, msee! Kikao cha maana kinaitishwa na afisa wa watoto. Anaita mwalimu anayemwona mtoi kila siku, daktari aliyemcheki, polisi wa dawati la jinsia, chifu, na masa ama shosho atakayemlinda. Mshukiwa asiketi hapo akimkazia mtoi macho.

Na mtoi mwenyewe? Sheria ya Watoto ya 2022 inasema maoni yake yazingatiwe, kulingana na umri wake. Yeye ndiye anajua usiku kwao huwa aje.

Umeona kitu? Piga 116, ni bure.