Mbwa jike, matundu madogo na sindano ya miezi mitatu

Upasuaji wa matundu madogo, kwa mbwa jike, ni njia ya kuondoa ovari zote mbili bila kulipasua tumbo kwa urefu. Matundu huwa mawili au matatu, kila moja upana wa milimita 5 hadi 10. Moja hupitisha kamera nyembamba yenye taa. Mengine hupitisha koleo na kifaa cha umeme kinachoubana mshipa wa damu, kuuziba kwa joto na kuukata. Kabla ya hapo tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili ukuta wake unyanyuke na daktari apate nafasi ya kuona. Kazi ikiisha, gesi hutolewa na kila tundu hushonwa nyuzi chache. Mbinu hii ilianzia kwa mbwa kabla ya kufika kwa binadamu: mwaka 1901 daktari Mjerumani, Georg Kelling, alipuliza hewa tumboni mwa mbwa aliye hai na kuchungulia ndani kwa kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kutazama kibofu.

Mji wa mimba hubaki mahali pake. Ovari zikiondoka, homoni zilizokuwa zikiuendesha huondoka nazo, nao husinyaa. Mbwa hapati joto tena, habebi mimba, na madume ya kijiji kizima hayakusanyiki tena uani kwake.

Katika wilaya za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, kama kwingineko nchini Tanzania, maelezo haya hayafiki mwisho kabla ya kukatizwa na swali lile lile: kwa nini mnyama apasuliwe wakati sindano ya miezi mitatu ipo? Sindano inayokusudiwa ni ile ya uzazi wa mpango ya wanawake, depo. Wengine hutaja vidonge vya majira vilivyosagwa kwenye ugali. Jibu ni hapana, na limekwisha kutolewa mara nyingi kuliko inavyostahili. Kwa kuwa swali halikomi, sababu zielezwe kwa kirefu.

Mji wa mimba wa mbwa haufanyi kazi kama wa mwanamke. Mwanamke asiyeshika mimba hupata hedhi, na utando wa ndani hutoka na kuanza upya kila mwezi. Mbwa hana utaratibu huo. Hupata joto kila baada ya miezi sita hivi, na joto likiisha, awe amepandwa au hakupandwa, ovari zake hutoa homoni ya projesteroni kwa takriban miezi miwili. Kwa muda wote huo mwili wake hujiandaa kana kwamba kuna watoto: utando wa mji wa mimba hunenepa, tezi zake hutoa majimaji, mlango wa kizazi hufunga, misuli hutulia, na kinga ya mahali hapo hupungua. Ni hali nzuri kwa kiinitete. Ni nzuri vilevile kwa bakteria aina ya Escherichia coli waliopanda kutoka ukeni wakati wa joto.

Dawa iliyomo kwenye depo, medroksiprojesteroni, ni jamaa wa homoni hiyo hiyo. Dozi yake ya kawaida ni miligramu 150, iliyopimwa kwa mwili wa mwanamke mtu mzima. Mbwa wa kawaida wa kijijini mara nyingi hafikii hata kilo 20. Lakini wanaodhani tatizo ni kipimo, kwamba ikichomwa robo ya chupa mambo yatakuwa sawa, hawajaelewa. Tatizo ni dawa yenyewe ndani ya mji wa mimba wa aina hii. Inaurefusha kwa miezi mingine ule wakati ambao tayari ndio wa hatari zaidi katika maisha ya mbwa jike. Utando huzidi kunenepa, hujaa vifuko vya majimaji, bakteria hupata makao, na mji wa mimba hujaa usaha.

Dalili zake hazipigi kelele. Mbwa hunywa maji kuliko kawaida, hukojoa sana, huacha chakula, hunyong'onyea. Mlango wa kizazi ukiwa wazi, usaha hutoka na mwenyewe huona. Ukiwa umefunga, hakitoki kitu. Tumbo huvimba, na nyumbani hufurahiwa kwamba ana mimba. Siku chache baadaye sumu ya bakteria imeingia kwenye damu na figo zimeanza kushindwa. Kwa mbwa aliyefika hapo tiba ya kutegemewa ni kukatwa mji wa mimba wote, haraka, kwa upasuaji wa kufungua tumbo, akiwa mgonjwa na dhaifu. Hapo matundu madogo hayafai, maana mfuko uliojaa usaha ukipasuka ndani, uchafu wote humwagikia tumboni. Sindano iliyochomwa ili kukwepa kisu huishia kuleta kisu kibaya zaidi.

Hayo ni madhara ya mji wa mimba peke yake. Dawa za kundi hili huchochea uvimbe wa matiti na huweza kuleta kisukari kwa mbwa. Akichomwa akiwa tayari ana mimba, mimba haitoki. Huenda akashindwa kuzaa siku zikifika, kwa sababu kushuka kwa projesteroni ndiko kunakoanzisha uchungu. Watoto hufia tumboni, na mama hufuata.

Hoja inayobaki ni ya jirani ambaye mbwa wake alichomwa na yuko salama. Mbwa huyo aulizwe habari zake baada ya joto la pili na la tatu. Mbwa wengi wanaolinda mashamba ya mahindi na mihogo dhidi ya nyani na ngedere hufia vichakani bila mtu kuwapasua kutazama kilichowaua, na lawama hubebeshwa sumu au nyoka. Tena dozi ile imetolewa bure na serikali kwa ajili ya mwanamke wa kijiji kama Mabamba au Heru Juu. Kumchoma mbwa ni kumnyima yeye.

Imani nyingine, kwamba lazima azae mara moja kwanza ili awe na afya, haistahili nafasi kubwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1969 ulionyesha kwamba mbwa aliyehasiwa kabla ya joto la kwanza alibaki na asilimia 0.5 tu ya hatari ya uvimbe wa matiti aliyo nayo asiyehasiwa. Baada ya joto la kwanza ilikuwa asilimia 8, na baada ya joto la pili 26. Wapo waliotilia shaka ukubwa wa tarakimu hizo baadaye. Faida ya kuzaa kwanza, hata hivyo, haijaonekana.

Kuhusu njia zilizopo: matundu madogo yanahitaji kamera, mtungi wa gesi, mashine ya kuziba mishipa, mpira wa kupumulia kooni na daktari aliyejifunza kazi hiyo. Umeme si kikwazo kikubwa kama ulivyokuwa kabla ya mwaka 2022, Kasulu na Kibondo zilipounganishwa na Gridi ya Taifa. Gharama ya vifaa ndiyo kikwazo. Faida yake ni maumivu machache. Katika utafiti wa mwaka 2009 kwa mbwa wadogo, shughuli zao baada ya upasuaji zilipungua kwa asilimia 25, dhidi ya 62 kwa waliofunguliwa tumbo. Matokeo ya uzazi ni yale yale. Kwa hiyo mwenye mbwa asisubiri kamera: upasuaji wa kawaida, wa mkato wa sentimita chache, ukifanywa na daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, unatosha. Umri wa miezi sita hivi unafaa kwa mbwa wengi. Akiwa kwenye joto asipasuliwe. Isubiriwe miezi miwili hadi mitatu. Asilale na chakula tumboni usiku wa kuamkia upasuaji. Baadaye apumzishwe siku 10 hadi 14, asilambe kidonda, na chakula kipunguzwe kidogo kwa sababu atanenepa. Asiye na uwezo amfungie ndani wiki tatu nzima za joto, mlango uwe wa kufunga kweli. Chanjo ya kichaa cha mbwa haihusiani na kuhasiwa. Achanjwe kila mwaka.

Mwenye mbwa aliyekwisha kuchomwa depo amweleze daktari bila kuficha, lini na mara ngapi. Akimwona anakunywa maji kupita kawaida wiki chache baada ya joto, ampeleke siku hiyo hiyo.