Kufuta, Kuondoa, Kuangamiza: Ahadi ya Mtafiti na Data Iliyo Katika Hifadhi ya Wingu

Ikisiri

Fomu nyingi za ridhaa zinazoandikwa kwa Kiswahili huahidi kwamba rekodi ya msailiwa itafutwa endapo yeye mwenyewe ataomba. Makala haya yanaeleza kinachotokea faili linapofutwa katika akaunti ya hifadhi ya wingu, na yanadai kuwa kitenzi kufuta kina maana mbili ambazo mifumo hiyo huzitenganisha kwa wiki na hata miezi. Msailiwa husikia maana ya kwanza ilhali mashine hutekeleza ya pili. Inapendekezwa kwamba fomu ya ridhaa itenganishe kuondoa, kufuta na kuangamiza, na kwamba usimbaji fiche ufanywe kabla ya rekodi kupandishwa mtandaoni.

1.0 Utangulizi

Ichukuliwe hali ifuatayo, ambayo ni ya kubuni lakini haiko mbali na kazi za nyanjani katika ukanda huu. Mtafiti anarekodi masimulizi ya mama mmoja mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini katika makazi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Kinachotafutwa ni viambishi vya njeo katika Kiswahili cha Kongo, wala si historia ya vita. Hata hivyo, mama anaposimulia anataja kijiji chake, ndugu zake, na watu waliochoma nyumba yake. Miezi mitatu baadaye anatuma ujumbe: "Mwanangu, ile sauti yangu uifute. Watu wa kule wasije wakaisikia." Mtafiti anafungua akaunti yake, anabonyeza kitufe, kisha anajibu: "Nimeshaifuta, mama."

Je, amesema kweli? Hakusema uongo. Lakini siku hiyo rekodi bado ipo, pengine katika nakala zaidi ya tatu, na baadhi ya nakala hizo ziko chini ya mamlaka ya watu ambao mama huyo hajawahi kuwasikia. Suala hili kwa kawaida huachiwa mafundi wa kompyuta. Makala haya yanalichukulia kuwa la kiisimu pia, kwa sababu ahadi iliyotolewa ilitolewa kwa kitenzi cha Kiswahili.

2.0 Kitenzi na maana zake

Maana ya msingi ya kufuta ni ya mkono na kitambaa: kufuta vumbi, kufuta machozi, kufuta jasho, kufuta ubao. Kilichofutwa kwa maana hii hakipo tena pale kilipokuwa, na aliyefuta anaona kwa macho kwamba hakipo. Kutokana na maana hiyo imezuka ya pili, ya kitaasisi: kufuta kesi, kufuta deni, kufuta leseni, kufutwa kazi. Hapa kinachoondoka ni nguvu ya jambo. Umbo lake hubaki. Kesi iliyofutwa ina jalada ambalo bado limo katika masijala ya mahakama. Deni lililofutwa lingali linasomeka katika daftari la mwenye duka, ila limepigwa mstari. Aliyefutwa kazi yu hai na anapita mtaani.

Mama wa Nakivale alitumia maana ya kwanza. Kitufe kilitekeleza ya pili. Hili ndilo kiini cha suala zima, na halihitaji nadharia nzito kulieleza.

Umbo la kitenzi nalo lina mitego yake. Sentensi "Majina ya wasailiwa yatafutwa", inayoonekana isiyo na utata, ina changanuzi mbili. Kwa njeo ya wakati ujao, ya-ta-futwa, majina yataondolewa. Kwa njeo ya -a-, ile ipendwayo na vichwa vya habari vya magazeti, ni ya-a-tafutwa, yaani majina yanasakwa. Matamshi ni yale yale na mkazo uko kwenye silabi ile ile. Ni nadra muktadha ushindwe kuamua, lakini hati ya kisheria haipaswi kuutegemea muktadha kwa jambo zito kiasi hiki. Kwa wasailiwa kutoka Kongo kuna la ziada: katika Kilingala, ambacho wengi wao wanakijua, mzizi -futa una maana ya kulipa. Msaidizi wa utafiti anayesoma fomu kwa sauti mbele ya kikundi kama hicho hana budi kulikumbuka hilo, hasa ikiwa fomu hiyo hiyo inataja posho.

Neno wingu nalo lina lawama yake. Mawingu hutanda kisha hutawanyika, na hakuna anayeyadai nakala. Hifadhi iitwayo ya wingu ni majengo ya saruji yenye maelfu ya diski, umeme mwingi na mitambo ya kupoza joto. Kituo cha data cha Google kilichoko Hamina, Finland, kimo ndani ya kiwanda cha zamani cha karatasi. Jambo ambalo wanafilolojia watalipenda. Karibu zaidi na kwetu, Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019 na Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020. Rekodi iliyopandishwa kutoka Nakivale ina anwani halisi duniani, hata kama mwenye sauti haijui.

3.0 Kinachotokea ndani ya wingu

Faili linapofutwa katika kompyuta ya kawaida, kwa desturi mfumo hauligusi faili lenyewe. Unachofanya ni kuondoa maelezo yanayoonyesha lilipo, mithili ya mkutubi anayechana kadi ya katalogi huku kitabu kikibaki rafuni. Kitabu hicho hupotea tu pale rafu inapohitajika kwa kitabu kingine. Katika hifadhi ya wingu mambo huwa mapana zaidi, kwa kuwa mfumo umejengwa makusudi ili usipoteze kitu. Makala ya mwaka 2003 ambamo Ghemawat, Gobioff na Leung walieleza mfumo wa mafaili wa Google yanabainisha kwamba kila kipande cha data kilihifadhiwa kwa kawaida katika nakala tatu kwenye mashine tofauti, na kwamba faili lililofutwa lilibadilishwa tu jina, likapewa jina la siri lenye tarehe ya kufutwa, kisha likaondolewa na ukaguzi wa baadaye baada ya siku tatu. Mifumo imebadilika tangu hapo, lakini kanuni imebaki: kufuta ni kuweka alama kwanza na kuzoa baadaye. Katika baadhi ya hifadhidata alama hiyo wahandisi huiita jiwe la kaburi. Kwa hiyo jiwe limeshasimamishwa na maiti bado iko sebuleni.

Juu ya tabaka hilo la kiufundi kuna tabaka la huruma kwa mtumiaji anayejuta. Faili lililofutwa huenda kwanza kwenye tupio. Katika hifadhi ya Google tupio hujisafisha baada ya siku 30. Kabla ya tarehe 13 Oktoba 2020 faili lingeweza kukaa humo miaka na miaka, hadi mwenyewe alimwage. OneDrive ya mtu binafsi hutumia siku 30 pia, bali ile ya kazini au chuoni huweka hadi siku 93. Neno tupio, na visawe vyake vya mitaani jaa na jalala, ni sahihi kuliko waliolichagua walivyodhani: kitu kilichotupwa jalalani kinaweza kuokotwa.

Mtumiaji anaweza kulimwaga tupio papo hapo. Hata hivyo, kwa mujibu wa maelezo ya Google yenyewe, kufutwa kikamilifu kwenye seva zake kwa kawaida huchukua takriban miezi 2 tangu siku ya kufuta, muda ambao mara nyingi hujumuisha ule wa kurejesha, na data inaweza kubaki katika nakala rudufu zilizosimbwa hadi miezi 6. Ikiwa akaunti ni ya chuo kikuu, msimamizi wa mfumo ana siku nyingine 25 za kurejesha faili baada ya tupio kumwagwa, na taasisi inaweza kuwa imeweka kanuni ya kutunza kila kitu kwa miaka kadhaa. Watafiti wengi hutumia akaunti hizo za chuo bila kuwahi kuuliza.

Ahadi hizi za muda nazo si amri ya mbinguni. Mnamo Januari 2017 watumiaji wa Dropbox walishangaa kuona mafaili waliyoyafuta miaka mingi nyuma yamerudi katika akaunti zao. Kampuni ilieleza kwamba hitilafu ilikuwa imeyazuia mafaili hayo yasifutwe kwa wakati, na kwamba jitihada za kuirekebisha ndizo zilizoyarudisha. Hakuna aliyedukua chochote. Mafaili yalikuwapo muda wote.

Yote hayo yanahusu nakala moja ndani ya akaunti moja. Kwa mtafiti, hatari kubwa iko kwingine, na ni ajabu kwamba miongozo ya maadili huitaja kwa mstari mmoja tu. Rekodi ilianzia kwenye simujanja au kinasa sauti, ambako huenda bado ipo. Ilitumwa kwa msaidizi ili ainukuu, naye akaipakua. Kipande cha dakika mbili kilipelekwa kwa mwenzake kwa WhatsApp kuuliza neno fulani linamaanisha nini. Mwenye faili akilifuta, waliogawiwa hupoteza kiungo, lakini nakala walizojitengenezea haziguswi. Na aliyegawiwa tu, asiye mmiliki, akiliondoa faili, huwa ameliondoa machoni pake tu; mmiliki bado analo.

Unukuzi ndio mtego unaosahaulika zaidi. Mtafiti hufungua hati iliyoandikwa mtandaoni, akabadilisha jina la kijiji kuwa "Kijiji A", akaridhika. Hati za aina hiyo hutunza historia ya matoleo, na yeyote mwenye haki ya kuhariri anaweza kurudi nyuma akasoma jina halisi. Njia ya uhakika ni kutengeneza nakala mpya ya hati iliyokwisha kusafishwa, kwa kuwa nakala mpya haibebi historia ya ile ya awali, kisha kuifuta ya awali na kulimwaga tupio.

Kwa hiyo mtafiti aliyepokea ujumbe wa mama angepaswa kuanza mbali na kitufe. Angesimamisha kwanza ulandanishi wa simu na kompyuta yake, ili kifaa kisichokuwa mtandaoni siku hiyo kisije kikalipandisha faili upya. Angeandika orodha ya waliogawiwa na kuwaomba wafute nakala zao na kuthibitisha kwa maandishi. Angefuta rekodi, unukuzi na matoleo yake, angemwaga tupio, angemwarifu msimamizi wa mfumo wa chuo, na angeweka tarehe. Baada ya hapo jibu lake lingekuwa refu zaidi ya "Nimeshaifuta", lakini lingekuwa la kweli.

4.0 Kuangamiza ufunguo

Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, katika mwongozo wake namba 800-88 uliotolewa mwaka 2006 na kupitiwa upya mwaka 2014, iligawa uondoaji wa data kwenye vyombo vya kuhifadhia katika ngazi tatu: kuandika juu ya data ili zana za kawaida zisiirejeshe, kuiondoa kiasi kwamba hata maabara haiwezi kuirejesha, na kukiharibu chombo chenyewe. Kubonyeza kitufe cha kufuta hakufikii hata ngazi ya kwanza. Na mteja wa hifadhi ya wingu hawezi kufika ngazi ya tatu, maana diski si yake na hajui ni ipi.

Anachoweza kukiangamiza ni ufunguo. Rekodi ikisimbwa kwenye kompyuta ya mtafiti kabla ya kupandishwa, kwa programu kama Cryptomator au VeraCrypt, kinachofika kwenye wingu ni mchanganyiko usiosomeka. Ufunguo au nywila ukiharibiwa, nakala zote zilizosimbwa kwa ufunguo huo huwa kelele tupu kwa pamoja, zikiwemo zile za miezi 6 na zile ambazo hitilafu ingezirudisha. Inafaa kila msailiwa awe na ufunguo wake, la sivyo kumfutia mmoja ni kuwapoteza wote. Ufunguo nao usitunzwe katika akaunti ile ile. Hilo ni sawa na kufunga mlango na kuuacha ufunguo kitasani. Njia hii haisaidii kwa rekodi iliyokwisha kupandishwa wazi, wala kwa nakala aliyoifungua msaidizi.

5.0 Sheria na maneno ya fomu

Sheria za ukanda huu zimekwisha kulitambua suala hili. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinampa mhusika haki ya kuomba data yake ifutwe. Sheria ya Uganda ya mwaka huo huo inataka data iharibiwe kwa namna inayozuia isiundwe upya katika hali ya kueleweka, na hicho ni kigezo kikali kuliko kitufe chochote. Rwanda ilipitisha sheria yake mwaka 2021. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina faida ya kutungwa kwa Kiswahili.

Tatizo la istilahi linaonekana mara mtu anapotafsiri. Kifungu cha 39 cha sheria ya Kenya kinaorodhesha vitenzi vinne vya Kiingereza kuhusu data ambayo haihitajiki tena, na viwili vya kwanza, ambavyo mwanasheria huviona tofauti, vyote huishia kuwa kufuta. Kifungu cha 17 cha kanuni ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 2018, hujulikana kwa Kiswahili kama haki ya kusahauliwa. Tafsiri nzuri kwa sikio, lakini seva haisahau, huamriwa. "Haki ya kufutiwa taarifa" ni bora, kwani kauli ya kutendewa inamrudisha mtu anayefanyiwa jambo hilo mahali pake.

Kiswahili hakipungukiwi. Kuondoa kunatosha kwa hatua ya kulitoa faili machoni. Kufuta kubaki kwa hatua ya akaunti, tupio likiwa limemwagwa. Kuangamiza kuwe kwa hatua ya mwisho, nakala rudufu zikiwa zimekwisha au ufunguo umeharibiwa. Kufutilia mbali, ambako magazeti ya Kenya hukupenda, kungefaa kwa mkazo, ila kumezoea mno maamuzi ya mahakama. Kwa mgawanyo huo, aya ya fomu inaweza kusomeka hivi:

"Ukiomba, mtafiti ataiondoa rekodi yako katika matumizi siku hiyo hiyo, ataifuta katika akaunti na vifaa vyake ndani ya siku 7, na atawataka wote aliowagawia wafanye vivyo hivyo. Nakala rudufu za kampuni inayohifadhi zinaweza kudumu hadi miezi 6 kabla ya kuangamia. Mtafiti atakujulisha kila hatua inapokamilika, kwa njia utakayoichagua."