Simu kwa mkopo: usiulize ya siku, uliza jumla

Na Mwandishi Wetu

Stendi ya mabasi ya Kahama, mkoani Shinyanga, ni mahali ambapo mtu wa Geita, wa Tabora na wa Mwanza hukutana bila ya kupeana ahadi. Pembeni mwa stendi hiyo, chini ya mwavuli, kijana mmoja alikuwa ameketi nyuma ya meza ndogo iliyopangwa simu sita. Mama auzaye chakula jirani na hapo, baada ya kuzima jiko lake la mchana, alisogea akifuta mikono kwa kanga.

"Shikamoo, mama. Hii ni shilingi 1,100 tu kwa siku. Sahani moja ya wali wako inazidi hapo."

"Marahaba, mwanangu. Nikimaliza kulipa nitakuwa nimetoa ngapi?"

Kijana aliitazama karatasi yake, akaigeuza, kisha akachukua simu yake mwenyewe ili apige hesabu. Bei ya siku aliijua kwa moyo, lakini ya jumla ilimlazimu kuitafuta.

Biashara ya kuuza simu kwa malipo ya kidogo kidogo imeenea upesi katika Afrika Mashariki. Mwaka 2020, nchini Kenya, kampuni ya Safaricom ikishirikiana na Google ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambao mnunuzi aliweza kulipa shilingi 20 za Kenya kwa siku. Hapa kwetu nako kampuni za simu, pamoja na kampuni za mikopo zinazoshirikiana na maduka, zimeifuata njia hiyo. Hatuwezi kuubeza mpango huu. Mtu ambaye hajapata kushika shilingi laki mbili na nusu kwa mkupuo mmoja hupata chombo cha kupokelea fedha, cha kupigia wateja na cha kumsomeshea mtoto. Tatizo ni namna bei inavyotajwa.

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa maana bei hubadilika kila mwezi. Simu moja inauzwa taslimu kwa shilingi 250,000. Muuzaji wa kwanza anataka kianzio cha shilingi 60,000, kisha shilingi 1,100 kwa siku kwa muda wa siku 365. Wa pili anataka kianzio cha shilingi 100,000, kisha shilingi 1,300 kwa siku kwa siku 180. Masikio ya wengi wetu yatamkimbilia wa kwanza, kwani kianzio chake ni kidogo na malipo yake ya siku ni madogo. Sasa tukae chini na kalamu. Kwa muuzaji wa kwanza mnunuzi atatoa jumla ya shilingi 461,500. Kwa wa pili atatoa shilingi 334,000. Anayejiona amepunguziwa shilingi mia mbili kwa siku atakuwa amelipa shilingi 127,500 zaidi, kwa simu ile ile.

Iko pia njia ya tatu, ambayo hakuna anayewekewa mwavuli kuitangaza. Mwenye shilingi 100,000 mkononi, akitia kibubuni au katika upatu shilingi zile zile 1,300 kila siku, atafikisha shilingi 250,000 siku ya 116. Ni muda usiotimia miezi minne. Kama kazi yake inaweza kungoja miezi hiyo, atabakiwa na shilingi 84,000 ambazo angempa muuzaji wa pili. Kama haiwezi kungoja, basi hizo 84,000 ndizo bei ya kutongoja, na kila mtu aamue mwenyewe iwapo zinastahili.

Mtego mwingine ni wa kubadilishiwa simu kabla deni halijaisha. Mnunuzi wa mpango ule wa kwanza, akifika siku ya 200, atakuwa amekwisha toa shilingi 280,000, yaani kupita bei ya taslimu, na bado anadaiwa shilingi 181,500. Akiambiwa arudishe simu hiyo achukue toleo jipya zaidi, na aulize mambo mawili: simu ya zamani imethaminiwa kwa kiasi gani, na deni lililobaki linafutwa au linahamia katika simu mpya? Mwenye kuhamishiwa deni atajikuta analipia simu mbili huku mkononi akiwa na moja.

Fedha isiyokuja kila siku

Katika ukanda huu wa dhahabu liko jambo ambalo watungaji wa mipango hii, naona, hawakulifikiria sana. Malipo ya kila siku yanamfaa mwenye kipato cha kila siku: dereva wa bodaboda, mama lishe, muuza genge. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa hapati hivyo. Duara linaweza kumeza majuma bila ya kutoa kitu. Mawe yakipatikana hugawanywa kwa mifuko, yapitie karasha, yaoshwe, ndipo mtu ashike fedha. Mkulima wa pamba wa Kishapu naye huuza zao lake kwa msimu. Watu hawa si maskini kila siku ya mwaka, lakini siku wanazokuwa na fedha hazilingani na kalenda ya mkopeshaji.

Na mkopeshaji hahitaji kumtuma mtu mlangoni. Ndani ya simu imewekwa programu inayoifunga pale rejesho linapochelewa. Swali la pili la kuuliza, basi, ni hili: naweza kulipa siku thelathini kwa mpigo nikipata, na nikikosa, simu hufungwa baada ya siku ngapi? Mpango unaoruhusu kulipa mbele unamfaa mchimbaji kuliko ule wenye bei ndogo usioruhusu.

Ikiwa simu imekwisha fungwa, msomaji asidhani kwamba fedha zake zimefungwa pamoja nayo. Akiba ya M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa inafuata laini. Laini ikitolewa na kutiwa katika kitochi cha jirani, menyu ya nyota na reli hufunguka kama kawaida, kwa namba ile ile ya siri. Tumewaona watu wakilia kwa kutojua jambo dogo kama hili.

Kuhusu kampuni ya kuichagua, maneno yetu ni machache. Usinunue kwa sababu ya kifurushi cha zawadi. Nenda mahali unapofanyia kazi, si mjini unapokwenda Jumamosi, ukaone laini ipi inashika. Simu ya 4G katika kijiji chenye mtandao wa 2G ni kitochi cha bei kubwa. Tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama kampuni na kubaki na namba yake. Lakini simu ya mkopo huenda ikakataa laini ya kampuni nyingine hadi deni liishe, na hilo nalo liulizwe mapema.

Wale wapendao simu za mkononi kwa mkono, wawe macho. Simu nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa katika minada zina deni la mwenye kwanza, nazo hujifunga zikiwa mikononi mwa mnunuzi asiye na habari. Dai risiti. Yule anayekopesha naye aulizwe leseni, kwani Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila ya idhini.

Mama wa Kahama hakutia sahihi siku ile. Kijana alipomaliza hesabu yake aliitaja jumla kwa sauti ya chini kidogo, na mama akaomba iandikwe nyuma ya karatasi. Baba watoto yuko machimboni, akasema, na yeye ndiye atakayelipa siku ambazo mvua itafukuza wateja wa wali. Aliikunja karatasi mara mbili, akaifunga katika pindo la kanga, kisha akarudi kuwasha moto wa jioni.